Nataka kubobea kwenye watoto wachanga: nichukue cheti kipi?

"Mimi ni muuguzi wa stashahada, nina miaka 34, na huu ni mwaka wangu wa tatu katika wadi ya watoto wachanga, hospitali ya serikali hapa mkoani Tanga. Kazi naipenda, lakini kila zamu nakutana na mambo nisiyoyaelewa. Mwezi uliopita walifariki pacha njiti mikononi mwangu, na tangu siku ile najiona sijui kitu, hata usingizi umepungua. Rafiki yangu aliye Marekani ananishauri nifanye mtihani wa cheti chao cha uuguzi wa watoto wachanga, anasema nitajisomea mtandaoni niwe mbobezi bila kuacha kazi. Kuna mtu mwingine ana kozi ya miezi mitatu ya mtandaoni, anataka ada yote kabla sijaanza. Matroni anasema nisome shahada kwanza, lakini naona shahada itanirudisha kwenye mambo niliyokwisha kuyasoma. Nina watoto wawili na mama yangu mgonjwa hapa Makorora. Cheti kipi kitanifaa kweli? Na mshahara utapanda?"

Dada yangu, pole sana kwa wale pacha. Naanzia hapo kabla ya vyeti na ada, maana naona msiba ule ndio unaokusukuma, na mtu anayetafuta masomo akiwa na uchungu ni rahisi kuuziwa chochote. Njiti kufariki kwenye zamu yako si ushahidi kwamba hujui kitu. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki ya 34 mara nyingi mapafu yake hayajatengeneza ute wa kutosha, ule unaozuia vifuko vya hewa visigandamane anapotoa pumzi. Kila anapovuta pumzi inambidi avifungue upya kwa nguvu zake mwenyewe, na nguvu zenyewe ni chache. Wako watoto wanaopotea hata mahali penye mashine zote na wabobezi wa kila aina. Sijui habari za pacha wako kwa undani, kwa hiyo siwezi kukuambia nani angefanya nini. Ninachoweza kukuambia ni kwamba huzuni na ujinga ni vitu viwili, na usiviache vikakaa kiti kimoja.

Hata hivyo, ile sentensi yako kwamba kila zamu unakutana na mambo usiyoyaelewa naichukulia kwa uzito, na inanipa matumaini juu yako. Wapo wanaokaa wadi ileile miaka kumi bila kuisema. Ngoja nikupe mifano miwili ya kinachobadilika muuguzi anapobobea, ili tunapofika kwenye vyeti ujue unatafuta nini hasa.

Chukua oksijeni. Umemwekea njiti oksijeni, kipimo cha oksijeni ya damu kinasoma asilimia 99 au 100, na roho yako inatulia. Kwa mtu mzima ungekuwa sahihi kutulia. Kwa njiti aliye kwenye oksijeni, namba hiyo inapaswa kukushtua. Mishipa ya damu ya retina, ile ngozi ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, huendelea kukua hadi karibu na tarehe ambayo mtoto angezaliwa kwa kawaida. Oksijeni ikizidi, mishipa ile inasimama kukua. Baadaye jicho likihitaji damu zaidi, inaota mingine ya ovyo inayoweza kuvuta retina na kumpofusha mtoto. Ndiyo maana shabaha kwa njiti aliye kwenye oksijeni huwa kati ya asilimia 90 na 95, na kazi ya muuguzi ni kupunguza pia, siyo kuongeza tu. Halafu upande wa pili: mtoto aliyezaliwa dakika mbili zilizopita akisoma 65, anayeanza kazi anaruka. Mbobezi anajua kwamba mtoto mzima wa afya huchukua kama dakika kumi kufika kati ya 85 na 95, kwa hiyo anatazama mapigo ya moyo na pumzi kwanza. Namba ni ileile. Kilichobadilika ni maana yake kichwani mwa anayeisoma.

Mfano wa pili unaujua kuliko mimi, maana wanakuja kwenu kutoka Pangani, Mkinga na Handeni: mtoto ameletwa kwa rufaa, amefungwa kanga iliyolowa, ana joto la 35, amelegea na anasahau kupumua. Macho yote yanakwenda kwenye pumzi, na ni haki. Lakini ngozi ya njiti ni nyembamba, mafuta chini yake ni kidogo, na maji yanayokauka mwilini yanaondoka na joto lake. Akipoa anachoma sukari na oksijeni zaidi ili ajipashe, sukari inashuka, na sukari ikishuka pumzi nayo inalegea. Anayeuona mnyororo huo anafanya vyote kwa pamoja: anamkausha, anampasha hadi afike 36.5, anapima sukari, anasaidia pumzi. Asiyeuona anapambana na pumzi peke yake na kushangaa kwa nini hairudi.

Sasa cheti cha Marekani. Nadhani rafiki yako anakizungumzia kile kinachoitwa RNC-NIC. Ni cheti cha heshima, na wauguzi wa huko wana haki ya kujivunia. Ila masharti yake yanakufungia mlango hata kabla ya mtihani: lazima uwe na leseni hai ya uuguzi ya Marekani au Kanada, uwe umefanya kazi miaka miwili katika fani hiyo, na saa zisizopungua 2,000. Vyeti vingine vya huko, kama CCRN cha wagonjwa mahututi, navyo vimejengwa juu ya leseni ya huko. Rafiki yako hakukudanganya. Anakueleza ngazi ya nyumba anayoishi yeye. Na usichanganye vyeti hivi na NCLEX-RN. Huo si mtihani wa ubobezi, ni mtihani wa kupata leseni ya kuanza kazi kule. Kama una mpango wa kuhama nchi, hilo ni swali jingine, niandikie tena tulizungumze peke yake. Kama mpango wako ni kuwahudumia watoto wa Tanga, cheti hicho kiache.

Vitabu na miongozo wanayojisomea kwa ajili ya mtihani ule, hata hivyo, hakuna anayekuzuia kuisoma. Elimu haina leseni.

Kuhusu kozi ya miezi mitatu nitakuwa mfupi. Hakuna kozi ya mtandaoni ya miezi mitatu inayomfanya mtu kuwa muuguzi mbobezi hapa nchini, hata cheti chake kiwe na muhuri wa dhahabu. Kozi fupi ina faida yake kama inakuongezea maarifa, na kama mtoaji wake anatambuliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga inaweza kukupa pointi za mafunzo endelevu unazozihitaji unapohuisha leseni. Kabla hujatuma hata shilingi, uliza Baraza kama mtoaji huyo wanamtambua. Kama anajiita chuo cha hapa, NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi na vya kati, wana orodha ya vyuo vilivyosajiliwa. Kama anatoa shahada ya nje, Tume ya Vyuo Vikuu ndiyo inayotathmini shahada za nje. Mtu anayetaka ada yote mapema na kukuharakisha usiulize kwanza, mimi ningemkimbia.

Tuje kwa matroni wako, kwa sababu naona ndiye aliyekushauri vizuri, japo pengine hakukueleza sababu. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliotazama hospitali 652 katika majimbo manne. Watafiti walitaka kujua kama vyeti vya ubobezi vya wauguzi vinapunguza vifo vya wagonjwa wa upasuaji. Walikuta kwamba vinasaidia, lakini kwa wauguzi waliokuwa na shahada pamoja na cheti. Pale ambapo shahada haikuwepo, faida ya cheti haikuonekana. Nchi ni nyingine na wagonjwa ni wengine, kwa hiyo sitaki uuchukue utafiti ule kama sheria. Hata hivyo unanikumbusha ninachokiona kwa wanafunzi: ubobezi unahitaji mahali pa kushika. Anayeelewa fiziolojia vizuri na anayeweza kusoma utafiti na kuupima, ukimpa fani maalum anapaa nayo. Asiyekuwa na hivyo anakariri.

Je, shahada itakurudisha nyuma? Kwa sehemu, ndiyo, na sitaki kukuficha. Anatomia ya mwaka wa kwanza utaiona ni marudio, na utakaa darasani na vijana ambao hawajawahi kushika zamu ya usiku. Vitakavyokuwa vipya ni fiziolojia kwa undani, namna ya kusoma na kufanya utafiti, takwimu, na uongozi wa wadi. Na hivi vinahitajika kazini. Mwaka 2021 lilichapishwa jaribio la Shirika la Afya Duniani katika nchi tano, Tanzania ikiwemo kupitia hospitali ya Muhimbili. Zamani tulifundishwa kusubiri njiti atulie kwanza ndipo awekwe kifuani kwa mama kwa mtindo wa kangaruu. Jaribio lile liliwaweka watoto wa kilo 1 hadi pungufu kidogo ya 1.8 kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, na vifo ndani ya siku 28 vikapungua kwa asilimia 25. Muuguzi anayeweza kuusoma utafiti kama huo mwenyewe, akaelewa ulifanywaje na akajua nini kinawezekana wadini kwake, haongoji semina ije miaka mitano baadaye.

Kingine ni kwamba shahada ndiyo ufunguo wa uzamili, na ubobezi unaotambulika kwenye utumishi wetu kwa sehemu kubwa unapatikana huko. MUHAS, yaani chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, kwa mfano, wana uzamili wa uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi, wa afya ya akili, na wa ukunga na afya ya wanawake. Wewe unayependa wachanga, wa mahututi na wa ukunga ndio walio karibu na moyo wako. Zipo pia kozi za fani maalum zilizo chini ya uzamili: hospitali ya KCMC, Moshi, wana historia ndefu ya kufundisha wauguzi wa watoto na wa macho, na hospitali ya Mirembe, Dodoma, wa afya ya akili. Kozi hizi hufunguka na kufungwa kulingana na mwaka, kwa hiyo piga simu chuoni uulize kama wanapokea mwaka huu na kama Baraza linaitambua.

Kwa shahada yenyewe, angalia kwanza cheti chako cha stashahada: kiwango cha kawaida ni wastani wa B au GPA ya 3.0. Wengi wanaisahau hiyo hadi siku ya kuomba, sambamba na ufaulu wa kidato cha nne kwenye Kemia, Biolojia na Fizikia. Kama vyote viko sawa, una njia mbili. Ya kwanza ni ya kutwa, miaka minne, na maana yake ni kuhama Tanga. Ya pili ni programu zilizopangwa kwa wauguzi walio kazini. Chuo Kikuu cha Aga Khan, Dar es Salaam, wamekuwa na ya namna hiyo kwa muda mrefu. Hii ya pili inaonekana nyepesi kwa aliye na mama mgonjwa Makorora, na pengine ni nyepesi kweli. Lakini hesabu nauli za Dar, usingizi baada ya zamu, na nani atakaa na mama siku za darasa. Nimewaona waliomaliza njia hiyo na nimewaona walioishia katikati, na tofauti yao haikuwa akili. Ilikuwa ni kama kuna mtu nyumbani aliyekubali kubeba mzigo kwa jina na kwa siku, siyo kwa "tutasaidiana". Kaa na ndugu zako mlizungumze hilo kabla ya fomu.

Lakini kuna jambo naliona kubwa kuliko shahada na cheti chochote, na linaweza kuanza Jumatatu ijayo. Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, watafiti walifundisha wahudumu kozi ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Kwenye mwanasesere walifanya vizuri sana baada ya kozi. Kwenye chumba cha kujifungulia, kwa watoto halisi, hakuna kilichobadilika. Fikiria hilo: mafunzo mazuri, wahudumu wenye nia, vyeti mkononi, na huduma ikabaki ileile. Wakabadilisha mtindo. Mwanasesere akawekwa wadini, watu wakawa wanafanya mazoezi ya dakika tatu hadi tano kila wiki, na marudio ya dakika arobaini kila mwezi. Ndipo vifo vya watoto ndani ya saa 24 viliposhuka, kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa. Mtindo huo ukapanuliwa pamoja na vifaa bora hadi vituo 30 katika mikoa mitano, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha vifo vya siku ya kwanza vimepungua kwa karibu asilimia 40.

Kwa nini iwe hivyo? Kwa sababu mtoto asiyepumua hakupi nafasi ya kukumbuka. Una takriban dakika moja ya kumkausha, kumchangamsha na kuanza kumpumulisha kwa ambu, ule mfuko wenye barakoa unaominywa kwa mkono. Katika dakika hiyo unafanya kile mikono imezoea. Na mazoea ya mikono yanafifia usipoyatumia. Kwenye wadi ambayo mtoto wa namna hiyo haji kila siku, yanafifia upesi kuliko tunavyopenda kukubali. Cheti kinathibitisha ulichokijua siku ya mtihani tu.

Kwa hiyo naomba uanze hivi, bila kusubiri chuo. Ongea na kiongozi wa wadi mpange siku moja ya wiki, kabla ya makabidhiano ya zamu, mfanye mazoezi ya ambu kwa dakika tano. Pumzi inapita? Kifua kinapanda? Barakoa inavuja wapi? Uwe na daftari moja, na kila zamu uandike jambo moja ambalo hukulielewa, bila jina la mgonjwa. Siku ya mapumziko ulitafutie jibu kwenye mwongozo wa Wizara au umuulize daktari wa watoto, kisha uwaeleze wenzako. Na kila mtoto anapofariki, ombeni kikao cha kulipitia tukio hatua kwa hatua, bila kutafuta wa kulaumiwa. Vikao hivyo vya mapitio ya vifo vya wachanga vimo kwenye utaratibu wa hospitali zetu. Kama kwenu vimelegea, wewe unaweza kuwa sababu ya kuvirudisha.

Mshahara. Cheti cha kozi fupi hakibadilishi mshahara wa serikali. Mshahara unafuata muundo wa utumishi: mwenye astashahada ni Muuguzi, wa stashahada kama wewe ni Afisa Muuguzi Msaidizi, wa shahada ni Afisa Muuguzi. Ukimaliza shahada unaomba kubadilishiwa kada, na hilo linategemea nafasi kwenye ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa, na bajeti, kwa hiyo huweza kuchelewa. Usikope ukitegemea mwezi fulani mshahara utakuwa umepanda.

Na tafadhali, usiondoke kwenda chuo bila ruhusa ya masomo ya maandishi. Ahadi ya mdomo ya bosi aliye rafiki haikulindi akihamishwa. Kuondoka bila kibali kunahesabiwa utoro kazini, na watu wamepoteza ajira kwa hilo wakiwa darasani. Yako mambo hapa siwezi kuyaamua kwa maandishi, kwa kuwa yanategemea faili lako: uliajiriwa lini, ulishathibitishwa kazini au bado, na mwajiri wako ni halmashauri au ni Wizara ya Afya. Nenda kwa afisa utumishi ana kwa ana.

Nenda ana kwa ana pia kwa jambo la usingizi. Kama umepita mwezi na bado wale pacha wanakuamsha usiku, au unajikuta unaogopa kuingia zamu, au unalia bila kujua sababu, hilo si la kulimaliza kwa masomo. Mwone daktari au ustawi wa jamii hapo hospitalini kwako. Kama unaona haya kwa sababu wanakufahamu, mwone wa hospitali nyingine. Mwambie matroni pia. Kwa jinsi ulivyomwandika naona anakujali, na huenda anasubiri umwambie. Uamuzi wa chuo usiufanye kabla usingizi haujarudi.

Usingizi ukisharudi, fanya mambo haya kwa mpangilio wa kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na mpango wa mafunzo wa mwajiri huandaliwa miezi kadhaa kabla ya hapo. Jina lisilokuwemo kwenye mpango ni vigumu kupata ruhusa, achilia mbali ufadhili. Andika barua mapema, ipite kwa matroni na mganga mfawidhi, uambatanishe nakala ya leseni, matokeo ya stashahada na ya kidato cha nne, na sentensi mbili zinazoeleza wadi ya wachanga itapata nini ukirudi. Uliza pia tangazo la ufadhili wa masomo la Wizara, na uliza kama kuna mkataba wa kutumikia baada ya masomo na ni wa miaka mingapi, uusome kabla ya kusaini. Baki na nakala ya barua yenye muhuri wa kupokelewa na tarehe.